Mlango Mmoja Kila Asubuhi

Mtaani walimwita Redio, naye hakukasirika. Alikuwa kinyozi mwenye kiti kimoja, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi walilokalia hata wenye vipara, ili tu wasikie habari. Ndoa ya mtu ikiyumba, Redio alijua kabla ya wenyewe, na chumvi aliongeza bila kupima.

Alibatizwa akiwa na miaka arobaini na miwili. Wiki ile alinyoa huku akiimba mapambio, akaona mambo yamekwisha: ameokoka, basi. Alhamisi, wakila chakula cha mchana, mkewe akamuuliza, "Na yule mwalimu je?"

"Mwalimu yupi?"

"Usijifanye hujui, mume wangu."

Alijua. Miezi minane nyuma, mwalimu wa hesabu aliacha kuonekana shuleni, na Redio akatangaza kwamba amesimamishwa kwa ulevi. Kumbe alikuwa amelazwa, figo zinamsumbua. Aliporudi, wazazi walikuwa wamewaondoa watoto wao kwenye masomo yake ya ziada, na majirani walimnusa kwanza kabla ya kumsalimia.

Redio alimkuta akisahihisha madaftari. "Mwalimu, maneno yale yalitoka kwangu. Nisamehe."

Mwalimu alifunika kalamu yake. "Mimi ukweli nilikuwa naujua. Waliodanganywa ni wengine. Nenda kawaambie hao."

Redio alitoka amenywea. Alikuwa ametegemea kushikwa mkono. Akapitia kwa mchungaji, akitafuta nafuu. "Mchungaji, si Mungu ameshanisamehe?"

"Amekusamehe," mchungaji alisema. "Ndiyo maana una nguvu ya kwenda."

Akaanza. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, mlango mmoja. Seremala alicheka hadi akakaa chini: "Kwa hiyo leo redio inatangaza kwamba jana iliongopa?" Mama mmoja alimfungia mlango usoni. Na kila aliyeambiwa alikuwa amewaambia wengine, hata Redio akajikuta akibisha hodi kwenye mitaa ambayo hajawahi kukanyaga. Maneno yalikuwa yametembea kuliko yeye. Ilimchukua miezi mitano.

Benchi nalo likabaki tupu. "Kinyozi gani kimya hivi?" mteja mmoja alilalamika. "Kama unanyolewa mochwari!" Akahamia kwingine, na wenzake wakamfuata.

Siku moja kibanda kilipata watu, moyo ukachangamka, ulimi ukateleza. "Mmesikia ya binti wa fundi bomba?" Shingo zote zikarefuka. Kwenye kioo akauona uso wake mwenyewe, umenawiri kwa utamu wa jambo lile. Akazima mashine.

"Samahani. Hayanihusu."

"Malizia, bwana!"

"Sina cha kumalizia."

Alipofika nyumbani alilia. Alidhani yule mtu wa zamani alizama kwenye maji ya ubatizo, kumbe anajua kuogelea.

Mkewe alimwacha anyamaze kwanza. "Ulidhani kumfuata Yesu ni kama kusindikiza mgeni," alisema, "ukifika njia panda unaaga, unarudi zako? Kesho utaamka, utaanza tena. Na mimi pia, maana nami nina yangu."

Kesho yake aliamka, akaanza tena.

Mwaka wa tatu, mwalimu aliingia kibandani. Hakutaja msamaha. "Punguza pembeni," alisema, akakaa. Mashine ikafanya kazi kwa muda, kisha mwalimu akaanza kusimulia, taratibu, jambo lililompata kule hospitali, jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu. Redio alizima mashine, akasikiliza hadi mwisho. Lilikuwa jambo gani? Zaidi ya hao wawili, hakuna ajuaye mpaka leo. Hata mkewe, aliyemwona mumewe akirudi na macho mekundu, hakuuliza.

Tangu hapo wakaanza kuja, mmoja mmoja, saa ambazo kibanda hakina watu: mjane, askari, hata yule seremala. Walikuja na nywele ambazo hazijarefuka bado.

Sasa kinyozi ana miaka sitini na saba. Mikono inatetemeka kidogo, naye hanyoi tena ndevu kwa wembe. Juzi, wakianika nguo uani, mkewe alimtania, "Hivi ulimi bado unakuwasha, mzee wangu?"

Alifikiri kidogo, kibanio mkononi. "Leo asubuhi tu."

Mkewe akacheka, naye akacheka, kisha akaokota shati lingine.