Mapazia ya Nyumba Tupu

Mtaa mzima hapakuwa na mtu anayeogopwa kama Shangazi, mshona nguo wa pale kona. Alisema hivyo mwenyewe, huku akivutana na mbuzi wa jirani aliyekuwa akimtafunia shuka kambani. Na mbuzi ndiye aliyekuwa anashinda.

Siku hiyo mradi ulikuwa unapimwa. Ulikuja kukarabati nyumba zilizohamwa, ili watu warudi na mtaa utulie. Sasa wakubwa walimtuma binti mmoja aje aone kama umefaulu. Akisema ndiyo, mradi unafunga virago. Na hapo ndipo roho ya Shangazi ilipokuwa juu juu, kwa sababu nyumba aliyopakana nayo ukuta kwa ukuta ilipakwa rangi mbele tu, paa halikuwepo. Mvua ikinyesha, maji yanazama ukutani, na upande wake unavimba kama shavu lenye jino bovu. Chini ya uvimbe huo ndipo kilipo kitanda chake. Mradi ukiondoka, ukuta utakuja kulala naye.

Msimamizi wa mradi walimwita Chokaa, maana kila ufa dawa yake ilikuwa hiyo. Juzijuzi alimletea Shangazi kitambaa cha maua. "Nishonee mapazia, shangazi, wapangaji wanaingia." Shangazi akashona kwa furaha, akatia na marinda. Wapangaji hawakuonekana, ila mapazia yakatundikwa kwenye nyumba ile ile isiyo na paa. Kumbe ndicho kipimo chenyewe: mpimaji anapita njiani, akiona pazia dirishani anaandika nyumba ina watu.

Asubuhi hiyo Chokaa akaja kumwonya. "Leo mdomo upumzike, shangazi. Mtaa ukifaulu, sote tumefaulu."

"Wangu haujachoka, mwanangu. Kaupumzishe wako."

"Utatuaibisha!"

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na maiti huyu sanda yake nimeshona mimi."

Akabeba kigoda chake, akaenda kukaa mbele ya nyumba ile, katikati ya njia, miguu ameinyoosha. Atakayepita na amruke.

Binti mpimaji akafika, Chokaa nyuma yake anatota jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa umeandika nini?"

"Kuna watu. Si naona mapazia?"

"Mapazia nimeshona mimi. Watu sijashona."

Chokaa akatoa kicheko cha kuazima. "Usimsikilize, uzee huo. Humo anakaa shemeji yangu na mkewe."

"Basi tupige hodi," binti akasema.

"Wamelala! Shemeji ni mlinzi, anakesha kazini."

"Na mkewe?"

"Mkewe... humsindikiza."

"Loo, mapenzi hayo!" Shangazi akapiga makofi. "Mimi hapa sibanduki mpaka mlango ufunguliwe. Mkitaka, nibebeni na kigoda changu."

Hakuna aliyejaribu. Binti akamzunguka, akabisha hodi, kimya. Akausukuma mlango kidogo tu, nao ukafunguka wote. Ndani jua lilikuwa limetandazwa sakafu nzima, majani yamefika magotini, na juu ya chumba cha kulala wingu moja lilikuwa linapita taratibu, halina haraka.

Binti aliliangalia likapita, kisha akamgeukia Chokaa. "Shemeji yako amelala wapi?"

Chokaa akatazama juu.

"Yeye," akasema, "anapenda hewa."