Tawi Jipya

Panya aliyenaswa ghalani kwenye mtego wa bati alikuwa akijisafisha masharubu. Alilamba viganja vyake vya rangi ya waridi, akavipitisha nyuma ya masikio bila haraka, kama mtu anayejiandaa kwenda arusini, wala hakuonekana kujali kwamba mlango umekwisha fungwa nyuma yake. Mtafiti alimtazama kupitia miwani iliyotanda ukungu wa pumzi zake mwenyewe, akatabasamu chini ya barakoa. Miaka yote hii, hajawahi kuzoea afya ya wanyama hawa. Manyoya yalimeta, macho yalikuwa meusi kama mbegu za papai, na kule ndani, kwenye mapafu na figo, virusi vilikaa kwa amani kama wapangaji waliozeekea nyumba moja na mwenye nyumba.

Ghala lile lilikuwa la kaka yake. Lilisimama pale ambapo shamba la mahindi linakoma na msitu unaanza, au tuseme pale msitu uliposukumwa ukasimama, maana kila mwaka shoka lilikuwa likiumega kidogo. Watoto wa kaka walimwita Shangazi Panya. Jina lilianza kama utani, likatambaa hadi kwa majirani, mwishowe hata mama yake mzazi akawa anamuulizia hivyo hivyo.

Wifi yake ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Mwanamke yule aliyeweza kumfukuza nyoka kwa mwiko alikuwa akiona mkia wa panya anapanda juu ya kiti na kupiga ukunga. Tangu aolewe hakuwahi kutia mguu ghalani. Mahindi ya kusaga aliletewa na mumewe mpaka mlangoni, naye huyapepeta uani huku akiyakagua kama askari wa mpakani.

"Wifi, nakupenda," alikuwa akimwambia mtafiti, "lakini mkono wako nitaushika ukishanawa. Mara mbili. Nikuone."

Kazi ya Shangazi Panya ilikuwa kufuatilia koo za virusi vya hanta, ambavyo havimdhuru panya lakini humuua binadamu. Kila jamii ya panya ilikuwa na virusi vyake. Viliishi nayo, vikabadilika pamoja nayo polepole kadiri milima na mito ilivyowatenganisha ndugu, hata mtu aliyezisoma herufi za vinasaba vyake angeweza kuchora mti wa ukoo wenye matawi mengi kupita ya familia yoyote ya kifalme. Mti huo aliubandika ukutani maabara. Aliujua kama mtu anavyowajua binamu zake: huyu wa shambani, yule wa msituni, na hawa wawili walioachana zamani hata hawasalimiani.

Lakini virusi vile vilikuwa na tabia moja. Vinasaba vyake vilikuwa vipande vitatu, na virusi vya koo mbili vikikutana ndani ya mnyama mmoja, vinaweza kubadilishana vipande kama majirani wanaoazimana sufuria. Ghalani kwa kaka, panya wa shamba na panya wa msitu walikuwa wakila gunia moja.

Majibu ya yule panya wa masharubu yalipotoka, mtafiti alisimama mbele ya kompyuta akashika kichwa. Vipande viwili vilikuwa vya shambani. Kimoja kilikuwa cha msituni. Hapakuwa na mahali pa kukiweka kiumbe hicho kwenye mti wake, ikabidi achore tawi jipya. Mkuu wa maabara alimpigia makofi mbele ya wenzake.

"Watu wanastaafu bila kuona kitu kama hiki," alisema.

Jumamosi ya wiki ile ile alimpelekea kaka yake dawa ya klorini na boksi la barakoa. "Mwagia sakafu dawa kwanza, iloe, ndipo ufagie. Vumbi la mkojo wa panya lisikufike puani, kaka. Nakuomba."

Kaka alicheka hadi akakohoa. "Mdogo wangu, mimi na hawa panya tumekula pamoja tangu ukiwa mgongoni kwa mama. Leo ndiyo waniue?"

Alikuwa amekwisha lifagia ghala lote, likiwa kavu, kujiandaa na mavuno.

Homa ilimwanza mgongoni. Akasema ni magunia. Kisha pumzi ikawa fupi, midomo ikapauka, na walipomfikisha hospitali daktari wa zamu alimsikiliza kifua, akaagiza oksijeni. Mapafu yalikuwa yakijaa maji. Wauguzi waliposikia ugonjwa unaoshukiwa, walirudi nyuma, mmoja akabaki ameshikilia chupa ya dripu mlangoni.

Mtafiti ndiye aliyewaondolea hofu. "Msiogope," aliwaambia kwa sauti ya mtu anayejua asemalo. "Huu hutoka kwa panya ukaingia kwa mtu, ukaishia hapo. Jamii zote za virusi hivi huku ziko hivyo. Mgonjwa haambukizi."

Akaivua barakoa yake ili waamini. Akakaa kando ya kitanda, akamfuta kaka yake jasho na mate, akamnywesha maji kwa kijiko. Wifi alikuwa upande wa pili, amelaza shavu juu ya mkono wa mumewe, akimnong'oneza maneno ambayo hayakuwa ya kusikiwa na mtu mwingine.

Kaka akapona. Kila aliyemwona alikubali kwamba alikuwa amevutwa kutoka mlangoni pa kifo. Siku aliporudi nyumbani ua ulijaa. Mwalimu wa shule ya jirani alimkumbatia akalia. Fundi baiskeli alimbeba mzimamzima kama bibi harusi, watu wakashangilia, naye kaka, amekonda shingo inacheza kwenye kola, akawa anakohoa na kucheka, anakohoa na kucheka, akipeana mikono na kila mtu. Mtafiti alisimama kando akiwatazama, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu achore tawi lile jipya, alilala usingizi mzuri.

Zilipita wiki kama mbili. Wifi akalalamika mgongo.

"Umeingia ghalani?" mtafiti alimuuliza, akijua jibu.

"Mimi?" Wifi alijaribu kucheka akiwa kitandani. "Hata ungenifunga kamba."

"Panya je, ndani ya nyumba?"

"Angekuwamo panya humu, ungenikuta kwa wazazi wangu."

Damu yake ilisafirishwa maabara pamoja na ile ya kaka iliyokuwa imehifadhiwa kwenye barafu. Mtafiti alikaa peke yake na herufi zile, mchana kweupe, jua likiingia dirishani na kumulika vumbi. Virusi vya kaka vilikuwa vya tawi jipya, ila herufi mbili zilikuwa zimebadilika, herufi ambazo hakuwahi kuziona kwa panya yeyote. Akafungua vya wifi. Mabadiliko yale mawili yalikuwemo. Na mbele yake lilikuwapo la tatu.

Alisoma upya. Kama wifi angekuwa amepata kwa panya, virusi vyake vingefanana na vya panya. Vilifanana na vya mumewe. Tawi halikuishia kwa kaka. Lilipita kwake, likachipua. Alikumbuka shavu la wifi juu ya mkono ule. Alimkumbuka muuguzi mwenye dripu, namna alivyovuta pumzi, akamwamini, akaingia.

Alimpigia mkuu wa maabara. Hakumsikia akipiga makofi safari hii. Lilikuja swali moja tu: "Wewe ulikaa karibu naye?"

"Nilimlisha."

"Basi nenda nyumbani, ufunge mlango. Tutawatuma watu hospitali sasa hivi. Na unipe majina ya wote waliomgusa."

Alipofika kwake alifungua madirisha, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa sakafuni. Haukupita muda mrefu, kitasa kikazungushwa.

"Shangazi Panya!" Ilikuwa sauti ya mama yake, na nyuma yake vicheko vya watoto wa kaka. "Nimekuletea hawa, mama yao hajiwezi. Fungua, jua kali."

"Mama, siwezi. Rudi nao nyumbani. Msiingie kwa mtu."

"Unaumwa?"

"Bado."

Vicheko vilikoma. Mama akauliza kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto aliyevunja kitu, "Mwanangu, kuna nini?"

Alitaka kumweleza, lakini kichwani alikuwa amekwisha anza majina. Mwalimu. Fundi baiskeli. Muuguzi, na wa pili yule aliyebadilisha shuka. Mama, aliyemlaza kaka kifuani. Watoto. Mwenye duka, na mkewe mwenye mimba. Nje alisikia mama akitua mzigo wake, akiketi polepole na kuegemeza mgongo wake mlangoni, upande ule mwingine wa ubao. Mtafiti akafika kwa wale wageni wasiojulikana waliokuja kushangilia tu, hesabu ikampotea, akaanza tena kwa mwalimu.