Nyumba Iliyopanda Citlaltépetl

Maharage yalikuwa motoni tangu alfajiri, na mchana ulipofika bado yalikuwa magumu kama changarawe. Domitila akaonja moja, akalitema, akachochea kuni. Wifi yake Refugio, aliyekuwa ameketi kizingitini akifunga kamba za buti, alimwambia asijisumbue. Alikuwa amepika miaka mingi katika kibanda cha wapanda mlima huko juu kwenye mlima Citlaltépetl, na alijua kwamba hewa ikiwa nyepesi maharage hayaivi.

"Lakini hapa ni chini, wifi."

"Humu ndani si chini tena. Hebu jisikilize unavyohema."

Domitila akajisikiliza, akaona ni kweli. Akaepua chungu, akavaa buti zake, wakaenda mazoezini.

Fermín, mume wa Domitila na kaka yake Refugio, alikuwa akiwaongoza watalii hadi kileleni. Msimu uliopita hakurudi. Kampuni iliyomwajiri ilisema ameacha kazi na kuvuka mpaka kwenda kaskazini, kama wanaume wengi wa mji ule. Lakini kule kibandani Refugio aliwasikia waongozaji wakinong'ona kwamba alitumbukia kwenye ufa wa barafu, na hakuna aliyeteremka kumfuata. Mbele ya watu hawakuthubutu kusema, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha. Ndipo Domitila, ambaye hakuwahi kupanda hata paa la nyumba, alipomwomba wifi yake amfundishe, wapande wakamlete.

Refugio alikuwa mwalimu asiye na huruma. Kila asubuhi alimtwika begi la mchanga mbichi wakapanda ngazi za kilima cha kanisa, wakashuka, wakapanda tena. Alimfundisha kusimama kidogo katika kila hatua na kuuacha mguu wa nyuma ubebe uzito wote, na kutoa pumzi kwa nguvu kama anayepuliza makaa. Akikosea, alimwambia anatembea kama bata mwenye mimba. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walimpigia kelele kutoka barabarani, "Domitila, kaskazini ni upande ule mwingine!" Aliendelea na ngazi. Pumzi yote ilikuwa ya kupandia.

Mwili ukaitika. Mapaja yakakaza, mgongo ukazoea mzigo. Na kadiri alivyopata nguvu, ndivyo nyumba nayo ilivyopanda. Kwa nje ilikuwa palepale, kati ya duka la mishumaa na shamba la mahindi. Ndani ndiko hewa ilikopungua. Viberiti vilikataa kuwaka. Majirani waliokuja kuazima chumvi walivaa sweta mlangoni, wakapumzika sebuleni kabla ya kufika jikoni. Padri alikuja kubariki nyumba, akabariki nusu, akaomba maji.

Refugio alifurahi, akasema hakuna mazoezi yanayoshinda kulala juu. Kwa kuhema kwake mwenyewe alikadiria kwamba nyumba imeshapita kibandani na sasa inakaribia barafu.

Ilifika. Asubuhi moja Domitila aliikuta barafu kwenye ujia wa kuelekea chumbani. Akavaa meno ya chuma kwenye buti, akaenda taratibu kama alivyofundishwa. Nyuma ya kabati aliketi Fermín, magoti kifuani, nyusi nyeupe kwa baridi. Kiunoni alikuwa bado amefungwa kamba. Domitila akaishika ncha yake. Refugio alikuwa amemfundisha mambo ya kamba pia: ikisagwa na mwamba huchanuka nyuzi, ila hii ilikuwa imekatwa sawasawa, kwa kisu.

Akaketi kando yake, akapuliza pumzi hadi sauti ikarudi.

"Umekonda," akamwambia.

Daktari wa mji aliitwa, na mkuu wa kampuni, Don Aurelio, akaja naye. Waliingia wakishikana mikono, wakihema. Don Aurelio aliitazama ile kamba, kisha akatazama ukuta. Akauliza marehemu amekutwa wapi.

"Hapo alipo," Domitila akasema. "Nyuma ya kabati."

"Yaani nyumbani kwake."

"Nyumba imepanda," Refugio akasema. "Wewe mwenyewe huwezi hata kupumua."

"Nyumbani ni nyumbani, mama."

Daktari akakubali. Mtu aliyekutwa nyuma ya kabati lake hawezi kusemwa kwamba alikuwa kazini. Waongozaji walikuwa wamekusanyika uani, kofia mikononi. Domitila akatoka na kamba, akawauliza ni nani aliyeshika upande wa pili. Mmoja wao alisema kwa upole kwamba wana watalii kesho, inabidi wawahi kulala.

Fermín alizikwa baada ya barafu yake kuyeyuka. Kampuni ilileta maua. Watu walimpa Domitila pole, wakamwambia afadhali mwenzake alifia nyumbani, na kwa kuwa waliyasema hayo kwa moyo mwema, aliacha kuwasahihisha.

Siku chache baadaye Refugio alikuja na begi la mchanga.

"Twende, wifi. Mwili ukikaa unasahau."

"Twende wapi?"

Refugio akalitua begi, akaingia, akaketi kando yake. Wakatoa pumzi kwa nguvu kama wapanda mlima, maana humo ndani hakukuwa na namna nyingine ya kupumua.