Hundi ya Clell Ratliff

Krrr-fyuu. Krrr-fyuu. Nadine aliisikia mashine ya oksijeni tangu kibarazani, kabla hajausukuma mlango wa baba yake mdogo. Clell alikuwa kitini, mpira puani, maharage na mkate wa mahindi vikipoa magotini. Miaka thelathini na moja ya kuchimba makaa chini ya milima ya Virginia Magharibi ilimwachia mapafu magumu kama matofali.

"Karibu, binti seneta! Umekuja kunifundisha hotuba?"

Jumamosi daraja la mtoni lingepewa jina la Delbert, baba yake Nadine, aliyekaa miaka kumi na sita katika seneti ya jimbo. Clell ndiye angekata utepe. Nadine alikuwa akipanga nyaraka za baba yake ziende maktaba ya chuo: miswada, kura, michango ya kampeni. Asubuhi hiyo alikuta kurasa mbili zilizomsumbua, akampelekea. Baba yake alizitazama, akasema, "Zichome. Nani atazisoma?"

Lakini kwenye mojawapo palikuwa na jina la Clell.

"Baba mdogo, uchaguzi ule wa pili ulimchangia baba dola elfu moja?"

"Mimi? Mwaka ule nilikuwa navaa viatu vya marehemu!" Alicheka mpaka akakohoa. "Aa, ile! Msimamizi wa mgodi alitugawia bahasha za pesa, wachimbaji kumi na wawili, akatuambia kila mtu aandike hundi kwa jina lake. Kampuni yenyewe ilikuwa imekatazwa na sheria kuchangia. Nadine, niliandika kwa mwandiko wa harusi! Kaka yangu yule! Wiki nzima nilitembea kifua mbele."

Nadine alitamani kuishia hapo, lakini kurasa zote mbili alikuwa amekwisha kuzitoa mkobani.

"Na karatasi ya pili?" Clell aliuliza.

"Kura ya mswada wa vumbi. Kampuni zingelazimishwa kunyunyiza maji mgodini na kuwapima wachimbaji mapafu. Ulianguka kwa kura moja."

"Nakumbuka. Delbert alisema walipigana kufa na kupona."

"Baba ameandikwa hayupo."

"Alikuwa anaumwa?"

"Alikuwepo. Alizungumza kabla ya kura, akazungumza na baada yake. Ndivyo wanavyofanya. Kengele ya kura ikilia, asiyetaka kusema ndiyo wala hapana hutoka koridoni, akanywa kahawa mpaka wamalize kuhesabu."

Clell aliitazama sahani yake.

"Kahawa," alisema. Akaisukuma kando. "Basi ni mimi niliyemnunulia."

"Usiseme hivyo, baba mdogo. Hukujua."

"Sikuuliza. Elfu moja kwa mtu asiye na viatu, nami sikuuliza."

Machozi yalimtoka bila sauti, maana hata kulia kunataka pumzi, na pumzi zake zilikwishaliwa. Nadine alimpangusa kwa kitambaa cha mezani. Alimchukia baba yake, akamhurumia, akamchukia tena.

"Utepe nitaukata," Clell alisema mwishowe. "Utotoni tulilala kitanda kimoja miaka kumi, siwezi kumwaibisha mbele ya watu. Lakini karatasi usichome. Na yangu usiifiche. Wenzangu kumi na mmoja wamekwisha kuzikwa. Wajukuu wao waje wasome kilichowaua, na nani alilipa."

"Baba atanifukuza nyumbani."

"Chumba kile pale kitupu. Ila mashine hii inakoroma kuliko mimi."

Nadine alizikunja karatasi, akazitia kifuani, akaushika mkono wa Clell uliojaa makovu ya makaa.

"Kesho nazipeleka chuoni mwenyewe, baba mdogo. Zote mbili, na majina yote. Nakuahidi."