Ndege wa Asali Mtaa wa Kongo

Jumatatu asubuhi, katika duka la vyombo vya plastiki la Gaudens, Mtaa wa Kongo, Scholastika aliweka spika juu ya rundo la mabeseni na kuwasha tangazo. Kazi yake ilikuwa kuwasemea mjini watu wa Hombwe, walina asali walioondolewa msituni mwao ili kampuni ijenge hoteli ya watalii. Ijumaa kamati ya serikali ingeamua kama msitu unarudi kwao. Mji usipojua, jambo lingezikwa kimyakimya, na hilo lilikuwa likimnyima usingizi.

Kariakoo kila duka linapiga kelele. Kwa hiyo Scholastika alitanguliza mluzi wa Fikirini, mwakilishi wa Hombwe, ule wa kumwita ndege wa asali awaongoze walina asali kwenye mzinga. Alikuwa ameurekodi kwenye simu. Fikirini mwenyewe alikuwa ameenda kung'oa jino, hakuulizwa.

Kufikia adhuhuri ndege walikuwa wamefika. Walitua kwenye nyaya za umeme, wadogo, wa kijivu, wakawaita wapita njia. Watu wa Kariakoo wana haraka zao, lakini cha bure hakikosi wenyewe. Waliwafuata na mizigo yao kichwani mpaka Posta, kwenye jengo la kampuni ileile. Ukuta wa mbele ulikuwa na masega, na asali ilichuruzika hadi kwenye ngazi.

Fikirini alikuja na shavu lililovimba, akaonja kwa kidole.

"Ya kwetu hii," alisema.

"Mzee, ikiwa ukutani ni mali ya jengo," alisema mlinzi. "Una kibali?"

Scholastika alimsogelea Fikirini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kapiga mluzi wangu?"

"Mimi."

"Ndege umemwachia sega lake?"

"Bado."

"Mwachie sasa hivi. Ukimwita ukamdhulumu, safari nyingine anakupeleka kwa nyoka."

Scholastika alimwomba mlinzi kipande, hata cha ukubwa wa ukucha. Mlinzi alipiga simu juu. Juu walisema haiwezekani, asali imeshapata mzabuni.

Alhamisi asali hiyo ilikuwa madukani, kwenye chupa zenye picha ya msitu, zimeandikwa Asali Halisi ya Hombwe. Scholastika alinunua moja, akammiminia ndege mmoja kwenye kisosi. Ndege hakuigusa.

"Anataka sega," alisema Fikirini. "Hiyo ya dukani haimhusu."

Ijumaa kamati ilikaa. Kila mjumbe alipewa chupa, kampuni ikasifiwa kwa kuenzi utamaduni wa wenyeji, na suala la msitu likaahirishwa. Fikirini alirudi kwao, kukaa nje ya uzio wa msitu kama zamani.

Tangu siku hiyo ndege mmoja hutua juu ya spika kila asubuhi. Humwita Scholastika, huruka kidogo kuelekea Posta, kisha husubiri. Scholastika anamwogopa, nyoka hajamsahau, hakuna haja ya kuficha. Wateja wamemzoea, wanachagua ndoo chini yake.

Jana kamati ilitangaza kikao kipya. Ni kulekule Posta anakoelekeza ndege, na Scholastika ndiye msemaji. Alimpigia Fikirini simu.

"Nisipoenda?"

"Usipoenda, nani atatusemea?"

"Na nikienda?"

"Vaa mabuti," alisema Fikirini.

Gaudens alimchagulia jozi ya mabuti ya mpira, yanayofika magotini, akampunguzia bei. Scholastika aliyajaribu palepale dukani. Juu ya spika, ndege alikuwa ameshaanza kuita.