Jina Lisiloombwa

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: kama kuna kitu unakitaka miaka arobaini na moja, na mwenye nacho unalala naye kitanda kimoja, utakiomba au utanyamaza? Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka Jumanne ile, mbele ya meza ya karani wa vizazi, wodi ya wazazi, ghorofa ya pili, saa tano na dakika ishirini. Saa ya ukutani niliiona vizuri, kioo chake kina ufa.

Kitu chenyewe ni jina. Sudi.

Chimbuko lake nilisimuliwa na mama mkwe wangu tukichambua mchele. Babu yake mume wangu alikuwa mchimba visima. Siku moja kisima kikamfukia. Wenzake wakachimba tangu asubuhi hadi alasiri, wengine wameshaanza kulia, mara koleo likagonga bati: ngo! Ndoo. Chini ya ndoo kichwa, na kichwa kinapiga chafya! Wakapiga kelele, "Huyu ana sudi! Huyu ana sudi!" Jina alilopewa na mama yake likafia humo humo kisimani. Naye akaweka sharti: jina hili haliombwi, maana bahati haiombwi, huja yenyewe. Mwenye nalo atampa ampendaye, kwa kinywa chake mwenyewe.

Wa pili kuitwa hivyo, baba mkwe wangu, alikuwa mshonaji. Bwana harusi mmoja alipasukiwa suruali mlangoni kabisa kwa bibi harusi, na mshonaji akaishona ikiwa mwilini, mishono thelathini na miwili, bila kumchoma hata mara moja. Watu walihesabu. Wa tatu ndiye mume wangu, fundi mizani. Ukienda sokoni ukakuta kilo ambayo ni kilo kweli, ujue imepita mikononi mwake.

Wa nne angekuwa mwanangu. Nilipojifungua, mume wangu alikuwa safari ya kazi. Nesi akauliza jina. Niliogopa kulitamka, si langu kulitoa. Nesi alipochoka kungoja akaandika jina la mtangazaji wa redio aliyempenda yeye. Siku ya tatu mume wangu akarudi, akaisoma ile karatasi, akaikunja mara nne, akasema, "Limeshaandikwa." Basi, yakaisha. Mtoto tukambandika jina la Redio, naye amekua mkimya, hata salamu yake uivute kwa kamba.

Sasa Redio amepata mtoto wa kiume, na fundi wangu anaingia miaka sabini na tisa. Asipolitoa leo, ataondoka nalo.

"Jina la mtoto?" karani akauliza.

Redio akatazama viatu vyake. Mkwe wangu, mke wa Redio, mwalimu wa chekechea, akafungua simu yenye orodha ya majina arobaini, kisha akanisogelea sikioni.

"Mama, haya ya kwenye simu ni geresha tu. Mimi nalitaka la baba. Lakini nimeambiwa haliombwi."

Nikashika ukingo wa meza! Kumbe tuko wawili!

Na baba mwenyewe yuko wapi? Yuko pembeni, bisibisi mkononi, ameinamia mizani ya kupimia watoto.

"Nesi, mizani yako inasema uongo. Mjukuu wangu umempunja gramu hamsini."

"Mzee, acha mizani ya watu!"

"Siwezi, mwanangu. Inanililia."

Karani akagonga meza kwa kalamu. "Jamani, foleni imefika kwenye ngazi, na saa sita nafunga. Niandike Mtoto tu, mtakuja kubadilisha?"

"Mwandike Foleni!" akadakia mama mmoja wa mapacha nyuma yetu.

"Foleni na Ngazi ni wako hao!" mwingine akamjibu, na korido nzima ikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Niliona ncha ya kalamu inagusa karatasi, nikamwona yule nesi wa zamani, nikaiona ile karatasi inakunjwa mara nne. Mkono wangu ukaenda wenyewe, pa! Kiganja juu ya fomu.

"Bibi, utachafuka wino."

"Nichafuke! Baba Redio, njoo hapa."

Akaja polepole, akifuta bisibisi kwenye shati. "Mnaniitia nini? Vijana wana majina yao kwenye simu. La zamani la nini?"

Aliifanya sauti yake iwe nyepesi, lakini mimi namjua mtu huyu. Ameishi akisawazisha mizani za watu, na ya kwake ilikuwa imelala upande mmoja.

"Sharti nalijua," nikasema. "Nimelishika miaka arobaini na moja. Leo nalivunja mbele ya foleni hii yote. Naliomba jina lako, mume wangu. Nililitaka tangu kwa Redio."

"Na mimi, baba," mkwe wangu akasema haraka, akizima simu.

Redio akainua uso. "Na mimi naliomba, baba."

Maneno manne! Kwa Redio hiyo ni hotuba! Mama wa mapacha akapiga kigelegele, mapacha wakaamka, nesi akacheka huku akifoka.

Bisibisi ikamponyoka mume wangu, ikabingiria mpaka chini ya meza. Hakuifuata. Alinitazama mimi, kisha mwanawe.

"Karani, andika Sudi," akasema. "Kwa herufi kubwa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nilidhani hamlitaki. Miaka yote hii nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mke wangu. Nilitaka mtu aniombe."