Mlima Kenya na Mbegu za Kwanza

Wacha niseme mapema: mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa, mguu unacheza. Nikilala, kichwa kinapanga. Na tangu Krismasi ya mwaka tisini na tatu iishe, kichwa kilikuwa kinapanga jambo moja tu, siku tano za kukwea Mlima Kenya, kutoka kibanda hadi kibanda. Mimi huyu, Kezia, muuguzi wa Homa Bay, mama wa watoto wanne, miaka arobaini na mitatu.

Usinicheke. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sikuwahi kulala nje ya nyumba yangu bila mtu kufa. Matanga Migori, matanga Kisumu, matanga kwa shangazi huko Ogwedhi. Nilitaka safari moja tu ambayo hakuna mtu analia. Niliitaka mpaka nikaona aibu.

Mwenye kujua mlima alikuwa Matiko, dereva wetu wa ambulensi, Mkuria aliyewahi kuwa jeshini. Yeye ndiye aliyetuchorea ratiba, mimi na muuguzi mwenzangu Liz. Usiku wa kwanza tutalala kibanda cha chini, kwenye msitu. Wa pili na wa tatu, kibanda cha bondeni, ili mwili uzoee ile hewa hafifu. Wa nne, kibanda cha juu kabisa kwenye mawe na barafu, halafu alfajiri kilele cha Lenana, tuteremke. Vitanda tuliviomba kwa barua. Jibu lilipokuja na muhuri wake nililiweka ndani ya Biblia, na nimelitoa kulisoma mara ngapi, hata sijui.

Kila jioni zamu ikiisha tulikuwa tunapanda Got Asego, kile kilima cha pale mjini, kila mtu na kilo kumi za mahindi mgongoni. Watu wa sokoni wakatuuliza tumeokoka dhehebu gani. Hibo, mama wa Kisomali anayeuza mitumba, alituwekea jaketi mbili nzito za watu wa theluji.

"Huko juu kuna biashara gani, mama?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Kuna jamaa zenu?"

"Hakuna."

"Basi wallahi mna afya nyingi sana," akasema, akanifungia jaketi.

Liz alitaka tubebe omena. Matiko akakataa katakata. Vibandani watu wanalala chumba kimoja, wageni wa kila taifa, na yeye hataki kufukuzwa saa mbili za usiku kwa sababu ya dagaa wetu. Tulibishana wiki nzima. Jameni, nilikuwa na raha!

Mume wangu Cliff ni fundi wa injini za boti huko Mbita, anakuja nyumbani Jumamosi. Nilipomwambia, alicheka. "Nenda tu," akasema. "Mimi nikuzuie kwa nini?" Nikawatangazia watu wote wodini kwamba nina mume mwema. Mjinga mimi.

Tulikuwa tuondoke Jumatatu, tarehe ishirini na moja Februari. Matiko aliuchagua mwezi huo kwa sababu mlima unakuwa mkavu. Yeye aliujua mlima. Mimi ndiye niliyepaswa kujua nyumbani. Jumanne, siku sita kabla ya safari, mvua ikanyesha kwetu. Si manyunyu. Mvua ya kupandia, mwezi mzima kabla ya wakati wake.

Sasa elewa boma letu. Tuko upande wa Rangwe, Cliff ndiye kifungua mimba, na wazazi wake walishafariki. Mbegu za kwanza zinatoka nyumba yetu. Mume na mke walale nyumbani pamoja, asubuhi waingie shambani kabla ya mtu mwingine yeyote. Baada yetu ndugu anayemfuata, baada yake wa tatu. Anayeruka mstari anajiitia chira, ile laana inayomla mtoto polepole huku unamwangalia. Na usiniambie mimi ni muuguzi. Mchana ninachanja watoto wa watu, jioni ninaogopa chira sawa na jirani yangu. Nilikuwa nimepanga mpaka idadi ya soksi, na hilo nikalisahau.

Jumatano akaja Nyarangi, jembe begani. Ni Mkisii, mke wa mdogo wake Cliff, na shamba lake limepakana na langu.

"Nyieka," akaniita, vile tunavyoitana wake wa boma moja, "udongo uko tayari."

"Nimeona."

"Mwaka jana tulichelewa wiki mbili tu. Julai unakumbuka."

Nilikumbuka. Watoto wake watano walikuwa wanakuja kwangu saa ya uji, wanasimama mlangoni hawasemi kitu.

"Sisemi usiende," Nyarangi akasema. "Nauliza tu."

Heri angenitukana.

Nikatuma ujumbe Mbita siku hiyo hiyo. Jibu likaja Alhamisi kwenye kipande cha karatasi chenye mafuta: Cliff amefungua injini ya mtu, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Wiki ijayo! Niliisoma nimesimama, na damu ikanipanda kichwani. Mtu huyu hakusema hapana hata mara moja. Alikaa tu Mbita, akaiacha mvua imsemee.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Mbita. Nilimkuta ufukweni, kwenye kibanda chao cha ufundi, na wenzake watatu. Alivyoniona, alishtuka.

"Kezia! Nani amekufa?"

"Bado," nikasema.

Wenzake wakacheka kidogo, halafu wakaniangalia usoni, wakaacha.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Tulale, tutoe mbegu, Jumatatu niende safari yangu."

"Si nilikuandikia? Injini ya watu..."

"Iko wapi?"

Fundi aliyekaa karibu naye akageuka kuangalia ziwa. Hiyo ilinitosha.

"Cliff, kama hutaki niende, sema hapana. Iseme kwa mdomo wako, nikasirike, tugombane, tuishe."

"Mimi sijakuzuia."

"Unanizuia na njaa ya watoto wa Nyarangi!"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama nina siku nzima ya kumngoja. Hapo nikachemka. Sikupanga kusema nililosema, lakini sitasema ulimi uliteleza.

"Unajua ni mwanamke gani anatoa mbegu peke yake? Mjane. Hamngoji mtu yeyote."

Cliff akasimama.

"Usicheze na neno hilo."

"Sichezi. Jumapili alfajiri. Ukiwa umelala nyumbani, tutatoa wawili. Usipolala, nitatoa mmoja."

"Huwezi."

"Ngoja uone."

Chai walikuwa wamenimiminia, sikuigusa.

Jumamosi ilinitesa. Nilipanga begi, nikapangua, nikapanga. Nilifagia uwanja mara tatu. Kila gari likinguruma barabarani nilitoka nje na ufagio mkononi, nikiangalia njia. Na nitasema ukweli: siku hiyo nilitaka Cliff aje kuliko nilivyoutaka mlima. Angekuja tu, akae, aseme hata upuuzi. Hakuja.

Jumapili kulipopambazuka nilichukua jembe na bakuli la mbegu. Nyarangi na mume wake walikuwa wamesimama mpakani na mbegu zao, hawasogei. Walikuwa wamesikia, maneno ya Mbita yanafika Rangwe kabla ya mwenyewe. Nilipoinua jembe mara ya kwanza, likanigonga kidole cha mguu. Nikachimba shimo la kwanza. Nikatia mbegu tatu, nikafukia. Shemeji yangu akavua kofia, vile wanaume wanavyovua kaburini. Nyarangi alianza kulia, lakini nilipofika mwisho wa mstari na kugeuka, nilimkuta ameshainama kwenye shamba lake, analia na anapanda.

Cliff alifika saa nne, amebebwa na boda boda ya baiskeli. Alisimama langoni, akaiona mistari. Hakuna aliyemsalimu, si kwa chuki, hatukujua tu mtu aliyeshahesabiwa marehemu anasalimiwaje. Akaenda hadi shimo la kwanza, akachuchumaa, akafukua kwa kidole. Alitoa mbegu moja, akaitazama, akairudisha na kuifukia vizuri.

"Injini ilikuwa nzima tangu Jumatano," akasema bila kuniangalia. "Nilitaka tu useme mwenyewe kwamba huendi."

"Kwa nini, Cliff?"

"Kwa sababu ukienda mara moja, utataka tena."

Nilitaka kumwambia si kweli. Lakini nilikuwa na jembe la matope mkononi, na uongo haukutoka.

"Nitataka," nikasema.

Akasimama, akaenda mpaka mlango wa nyumba yetu. Nyumba aliijenga yeye. Bati lile aliliezeka kwa mkono wake. Hakuingia.

"Sasa mimi naingia humu kama nani?" akaniuliza. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli.

Akalala kwa mdogo wake.

Jumatatu asubuhi Matiko akaja na pikapu ya kuazima, Liz akiwa mbele, anaimba. Cliff alitoka kwa Nyarangi na shati la jana. Akainua begi langu, akalipima uzito, akalegeza mikanda miwili na kuikaza upya, akaliweka nyuma ya gari. Nilingoja aseme nibaki. Nilingoja aseme safari njema. Ningemtii kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Ukirudi," akasema, "usinitafute Mbita. Nitakuwa hapa kwa mdogo wangu. Njoo ubishe hodi."

"Nitabisha," nikamwambia.

Matiko akawasha gari, nikaenda.